Mayai ya Kware Hayaliwi Nyumbani

Kware ni ndege mpumbavu. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nimeishi naye. Hutaga popote alipo, akiwa anatembea, akiwa anakula, hata akiwa amesimama ndani ya chombo chake cha maji, kisha huendelea na shughuli zake bila kutazama nyuma. Kuku akitaga huwatangazia majirani wote. Kware akitaga hujui mpaka umkanyagie yai. Miaka mingi baadaye, watu wa Nairobi walipopatwa na wazimu wa mayai hayo na kila ofisi ikawa na mtu wa kuyauza, niliulizwa kazini kama nimewahi kuyaonja. Nilijibu kwamba kwetu Kathiani, karibu na Machakos, tulifuga kware kabla hawajawa fasheni, na kwamba mayai yao hayaliwi nyumbani. Wenzangu walidhani natania. Sikuwaeleza zaidi, kwa sababu habari yenyewe inamhusu bibi yangu na mama yangu, na sikutaka kuisimulia mbele ya watu wanaokunywa chai huku wakisubiri mkutano uanze.

Bibi nilimwita susu, kama watoto wa Kikamba wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mama yake baba. Mama yangu hakuwa Mkamba. Alitoka Murang'a, kwa Wakikuyu, akaja Machakos akiwa msichana pamoja na shangazi yake kuuza viazi na kabichi sokoni, na hapo ndipo baba alipomwona na kuanza kununua kabichi nyingi kuliko alizoweza kula. Walipooana, baba alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River, kwa hiyo alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Siku zilizobaki nyumba ilikuwa ya wanawake: susu ambaye hakujua neno la Kikuyu, mama ambaye Kikamba chake kiliwachekesha watu hata kanisani, na mimi.

Hao wawili walikutana kwenye Kiswahili. Hakuna aliyekinyonya kwa mama yake. Susu alikiokota sokoni, mama naye alikiokota sokoni, na kila mmoja alirudi nyumbani na vipande vyake. Waligombana kwa Kiswahili, wakaombeana kwa Kiswahili, wakasengenya watu wa baba kwa Kiswahili. Kilikuwa na makosa mengi, na mimi niliyekuwa nimefundishwa ngeli shuleni nilikuwa na tabia mbaya ya kuwasahihisha. Leo ningetoa chochote nisikie makosa yale tena.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, susu aliugua nimonia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa nimejiunga na darasa la ushonaji mjini kwa sababu matokeo yangu ya mtihani hayakuwa ya kumpigia mtu simu. Alilazwa hospitalini, akatibiwa, akapona kifua, lakini aliyerudi nyumbani alikuwa nusu ya aliyeondoka. Pete yake ya ndoa ilianguka ndani ya beseni la kunawia na hakujua. Daktari alimwambia mama kwamba ugonjwa umeisha, kilichobaki ni chakula. Mgonjwa alihitaji kujengwa mwili, na asipojengwa, homa yoyote ndogo itakayopita itamchukua.

Kumlisha susu ilikuwa kazi. Nyama hakuweza kutafuna kwa sababu meno yake yalikuwa ya kuhesabika. Maziwa yalimwendesha. Maharage yalimjaza tumbo mpaka akawa analala ameketi. Daktari akasema, basi mpeni mayai, na mama akafurahi, maana kuku tulikuwa nao na mayai tulikuwa nayo. Alirudi nyumbani akachemsha mawili, akayamenya, akayatia chumvi, akayaweka kwenye sahani nzuri yenye maua. Susu alishukuru, akaomba Mungu ambariki mpishi, kisha akaisukuma ile sahani polepole mpaka ikafika upande wangu wa meza.

Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba susu hakuwa amekula yai tangu awe mwanamke. Nyumbani kwa wazazi wake, msichana akishaanza kukua, mayai yalimtoka mkononi kama vile vitu vingine vya utoto vinavyomtoka. Hakuna aliyeeleza sababu. Mama yake hakula, shangazi zake hawakula, naye alipoolewa alikuta mama mkwe ambaye pia hakula. Alikuwa amewapikia wanaume na watoto mayai maisha yake yote, akayauza, akayapeleka kanisani kama sadaka, na hajawahi kulamba hata kidole. Baba mwenyewe hakuwa anajua. Alisema alidhani mama yake hapendi tu.

Mama hakukubali. Alijaribu kulikoroga yai ndani ya uji, na susu akalijua kwa harufu kabla kijiko hakijafika mdomoni. Alijaribu kulitia kwenye chapati, na susu akaila ile chapati kingoni tu, akaacha katikati kipande cha mviringo. Mchungaji aliitwa, akasoma kuhusu vyakula vyote kuwa safi, na susu akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sote. Alipoondoka, mama alimpelekea yai. Susu alisema tumbo lake limejaa neno la Mungu.

Nilicheka, na mama akanikemea vibaya. Sikuelewa kwa nini jambo hili lilimchoma hivyo. Susu alikuwa mzee, mkaidi, na si mama yake mzazi. Nilimwambia amwache ale anachotaka, uji na viazi, atapona polepole. Mama alikuwa anachambua mchele, akaacha.

"Mama yangu alikufa nikiwa hapa nauza kabichi," akasema. "Waliniambia alikataa chakula. Hakuna mtu alimbembeleza, walikuwa na shughuli. Huyu nitambembeleza mpaka achoke kunikatalia."

Tangu hapo sikumwambia tena amwache.

Habari za kware zililetwa na mwanamke aliyeuza ndizi sokoni karibu na kibanda cha mama. Huyo alikuwa na dawa ya kila kitu, na mwezi ule dawa ilikuwa mayai ya kware. Alisema yanaondoa presha, yanashusha sukari, yanafungua kifua cha mtoto wa pumu, yanaongeza damu, na kwa wanaume yanafanya mambo ambayo aliyaeleza kwa kuinua nyusi tu. Mama alisikiliza yote akachukua moja: kwamba ni mayai, na si ya kuku. Jumamosi iliyofuata alimtuma baba, na baba akauliza kazini, na ikawa kuna mwenzake aliyekuwa akiwafuga nyuma ya nyumba yake. Wiki iliyofuata baba akarudi na katoni ya biskuti iliyotobolewa matundu, ndani yake vindege vya rangi ya majani makavu, kila kimoja ukubwa wa ngumi.

Baba aliwatengenezea kizimba cha mbao na waya. Kesho yake, kabla hatujaenda kanisani, nilikuta yai sakafuni mwa kizimba. Lilikuwa dogo kama kifundo cha kidole gumba, lenye madoadoa ya kahawia kana kwamba mtu alilikung'utia brashi ya rangi. Mama alilichukua, akaenda moja kwa moja mpaka alipoketi susu akiota jua mlangoni pa jikoni, akamwekea kiganjani.

Susu aliligeuza. Aliliinua kwenye mwanga, akalinusa. Kisha akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu atoke hospitalini.

"Hii nimekula sana," akasema.

Ndipo akatusimulia. Alipokuwa msichana mdogo, kazi yake na ndugu zake ilikuwa kulinda ndege kwenye mashamba ya mawele, kuanzia nafaka ikianza kukaza mpaka ivunwe. Walishinda huko kutwa nzima wakirusha madongo na kupiga kelele. Mvua ikinyesha vizuri, kware wa porini walikuja wakataga ndani ya nyasi pembeni mwa shamba, na watoto waliyajua maficho yao yote. Waliyatoboa mayai kwa mwiba ili yasipasuke, wakayafukia kwenye jivu la moto, wakala bila chumvi, wavulana kwa wasichana. Nyumbani hakuna aliyewauliza. Yai la kuku lilikuwa na mwenyewe, na nyumba, na sheria zake. Hili la kware halikuwa na mwenyewe. Msichana mkubwa aliyekwenda kulinda mawele alikula kama wengine, na akirudi nyumbani jioni alikuwa tena mtu asiyekula mayai.

Mama alisikiliza akiwa amejibana ili asiharibu mambo kwa kufurahi mapema. Kisha akasema basi ngoja alichemshe, akalinyooshea yai mkono. Susu akafumba kiganja.

"Hii hailiwi kwa nyumba. Hii ni ya shamba."

"Lakini mama, wewe huwezi fika shamba. Juzi choo tu ulishikwa na watu wawili."

"Basi mnishike hao wawili."

Shamba letu lilishuka mteremko kwa matuta, moja chini ya jingine, kama mashamba yote ya Kathiani. Mawele tulikuwa tumeacha kupanda zamani, lakini kulikuwa na mbaazi, na susu alitaka kufika tuta la chini kabisa ambako nyasi ziliachwa kwa ajili ya ng'ombe. Asubuhi ile ya kwanza hatukwenda kanisani. Tulimshika huku na huku, tukampumzisha kwenye kila ukingo, baba akatangulia na moto ndani ya kopo tupu la mafuta ya Kimbo. Tulipofika alikuwa anatweta hata mimi nikaogopa. Akaagiza mabua makavu ya mbaazi, akaagiza mwiba, akalitoboa yai mwenyewe, akalifukia. Alilila kwa kulimega kwa ulimi na kaakaa, polepole, macho yamefumbwa. Baba aligeuka akajifanya anaangalia mbaazi zimeshambuliwa na wadudu gani.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi, kabla ya mimi kupanda gari la kwenda mjini na mama kwenda sokoni, tulishuka na susu mpaka chini. Ukiniuliza furaha ni nini, nitakuambia ni harufu ya mabua ya mbaazi yakiungua wakati umande bado uko kwenye majani, na bibi yako amekaa juu ya gunia akikusimulia jinsi kaka yake alivyolala usingizi wa mchana na ndege wakala mawele yote, akachapwa na watu wa maboma matatu. Tulichelewa kila siku. Mwalimu wangu wa ushonaji alinipa jina la utani ambalo sitaliandika. Mama aliwapoteza wateja wa asubuhi, wale wenye hoteli wanaonunua viazi kwa gunia, na hakulalamika hata siku moja.

Susu akaanza kunenepa. Kwanza uso, kisha mikono. Akawa anashikwa na mtu mmoja, baadaye anatembea na fimbo, baadaye anatangulia na kutuuliza kama tumekunywa pombe mbona tunajikokota. Ukazuka mjadala nyumbani ambao haukuisha. Mama alisema ni mayai. Baba alisema ni kutembea, kwamba mtu yeyote akiteremshwa na kupandishwa mlima ule kila siku atapata nguvu hata akilishwa karatasi. Susu alisema ni Mungu, ila yeye alimsaidia kwa kutafuna. Tulipompeleka daktari akapimwa uzito, mama alimweleza habari za kware kwa fahari, akitarajia pongezi. Daktari alisema yai ni yai, hilo ni dogo tu, na la muhimu ni kwamba mgonjwa anakula. Mama alinung'unika njia nzima mpaka nyumbani.

Majirani nao walisikia. Mmoja alikuja kuomba kwa ajili ya mtoto wake mwenye pumu, mwingine kwa ajili ya macho. Wa tatu aliomba mawili ya mumewe, akasema ni ya kikohozi, na mama akampa kwa uso mkavu kabisa, akangoja mwanamke afike barabarani ndipo akaanguka kwenye kiti kwa kicheko. Susu alicheka mpaka akakohoa yeye.

Kisha Julai ikaja. Mtu asiyejua Kathiani hudhani Ukambani kote ni jua na vumbi. Julai kwetu ukungu hushuka milimani ukakaa, manyunyu hayaishi, na nguo ukianika leo utaanua keshokutwa. Kware walijikunyata kwenye kona ya kizimba, manyoya yamevimba, wakaacha kutaga. Kwanza likapatikana yai siku moja na kukosekana siku mbili, halafu yakakosekana kabisa. Susu aliendelea kushuka shambani, akaketi kwenye gunia lake, akaota moto, akarudi na tumbo tupu. Uji ulianza kumshinda tena. Nilimwona mama akimpima kwa macho kila akipita, akitazama mashavu.

Wakati huohuo tulikuwa na tembe mmoja, kuku mchanga aliyeanza kutaga, yale mayai ya kwanza ambayo huwa madogo. Asubuhi moja mama aliniambia nisiandamane nao. Baadaye ndipo nilipojua kilichotokea. Alichemsha yai la tembe, akalimenya huko huko jikoni, akalimega vipande, akavipaka jivu, akamwambia susu walipofika shambani kwamba kware ametaga na yai limepasuka motoni. Susu alitia kipande mdomoni. Akatafuna kidogo, akaacha. Akakitoa, akachimba shimo kwa kidole, akakizika pamoja na vipande vilivyobaki, akajipangusa mikono kwa nyasi. Alipanda matuta yote peke yake bila kumpa mama mkono.

Kuanzia siku hiyo hakupokea kitu kilichotoka mkononi mwa mama. Alijichemshia chai yake, maji yanamwagikia moto. Alijipikia viazi viwili vitatu, akala kimoja. Aliendelea kumsalimu mama vizuri, na hiyo salamu ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, maana ilikuwa ya mgeni kwa mgeni. Nilikasirika na wote wawili. Nilimwambia susu, kwa ule ujuvi wa mtu aliyesoma, kwamba daktari mwenyewe amesema yai ni yai. Alinijibu kwa Kikamba kwamba nikikua nitajua tofauti ya chakula na hila, na nikishajua nirudi tuongee. Nilitoka nje nikalia kwa hasira nyuma ya choo.

Baba alipokuja Jumamosi alikuta nyumba imenuna. Hakuuliza mengi, ila alileta shauri kutoka kwa mwenzake mwenye kware: ndege hao wanataka joto, na wanataka mwanga, hawatagi siku ikiwa fupi na nyeusi. Mama alihamisha kizimba siku hiyohiyo, akakiweka jikoni kando ya mafiga. Kisha akachukua taa yetu nzuri ya mafuta, ile yenye kioo, akaitundika juu ya kware kila giza lilipoingia. Sisi tulibaki na koroboi linalotoa moshi. Nikitaka kushona ilibidi nikae na kware. Nilipindia mapindo ya gauni langu la kwanza la mtihani nikiwa nimewaegemea, nao wananitazama kwa yale macho yao yasiyo na wazo lolote ndani. Susu alipita mlangoni akielekea chumbani kwake na koroboi mkononi, akasimama, akaangalia ile taa nzuri ilikotundikwa na inamwangazia nani. Kisha akaenda kulala.

Baridi ilikuwa haijaisha siku mama alipolikuta yai. Nilikuwepo. Hakulichemsha wala hakulifunika na kitu. Alilibeba na madoadoa yake mpaka chumbani kwa susu, ambaye alikuwa bado kitandani, akaliweka juu ya blanketi kifuani pake.

"Ile ya siku ile ilikuwa ya kuku," akasema. "Nilikudanganya. Hii ni ya kware, ona mwenyewe."

Susu alilishika yai, hakulitazama. Alimtazama mama.

"Nilijua ni ya kuku," akasema. "Lakini sikujua wewe unaogopa hivyo."

Mama akaanza kulia, akiwa amesimama wima mikono imening'inia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia mbele ya susu. Susu alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia alete kiberiti na mwavuli, maana huko nje kunanyesha na yeye ana njaa.

Baada ya hapo hawakugombana tena, au tuseme waligombana kwa mambo ya kawaida, chumvi na kuni. Kware walizeeka wakabadilishwa. Nguchiro alikula wawili, baba akakiziba kizimba upya. Nilimaliza ushonaji nikapata nafasi kwenye duka moja mjini, na bado asubuhi nyingi nilichelewa kwa sababu ya yai. Mvua zikaja zikaenda. Susu alikula mayai yake shambani, kiangazi na masika, na sisi tukazoea kama vile hajawahi kuwa mgonjwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba tulizoea. Ningejua, ningekaa pale chini muda mrefu zaidi.

Mwili wake ulichoka tu, bila ugonjwa wa kutaja. Miguu ilivimba. Akarudi kushikwa na mmoja, kisha na wawili, kisha asubuhi moja ya Jumamosi akashindwa kusimama kabisa. Daktari alikuwa ametuambia tumpe anachopenda. Alichopenda kilikuwa kuleee chini.

Baba alileta wilbaro. Aliiosha vizuri, akaitandika magunia na blanketi, akaisukuma mpaka mlangoni. Susu aliiangalia.

"Mimi si mbolea," akasema.

Baba akajaribu kumweleza kwamba anaweza kula hapo hapo kitandani, kwamba waliokatazana mayai ndani ya nyumba wote wamekwisha kufa na hakuna atakayekuja kuuliza. Susu alifunga mdomo akageukia ukuta. Baba alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Kumbeba mama yake mwenyewe mgongoni mbele ya watu lilikuwa jambo asiloliweza, na sikumlaumu, nilijua alivyolelewa.

Mama alivua aproni. Alichukua leso mbili na ule ukanda wa ngozi wa kubebea kuni, akaingia ndani, akachuchumaa kando ya kitanda, mgongo wake umemwelekea susu. Akamwambia apande. Nilidhani atakataa. Alipanda. Nilimsaidia mama kumfunga, leso moja chini ya makalio, nyingine mabegani, ukanda ukapita kwenye paji la uso wa mama jinsi wanawake wa Murang'a na wa Ukambani wote wanavyobeba mzigo mzito, akasimama mara moja kwa mguno. Kichwa cha susu kilikuwa begani kwake. Mimi nilitangulia na kopo la moto na mayai mawili mfukoni.

Mama alishuka matuta yote bila kumtua. Nilisikia pumzi zake nyuma yangu, na sauti ndogo ya susu ikimwonyesha njia ambayo mama aliijua vizuri kuliko yeye: hapa kuna jiwe, hapa shika nyasi. Baba alifuata kwa mbali. Tulipofika kwenye jivu letu la zamani nilitandika gunia, tukamshusha, nikawasha moto. Susu akanyoosha mkono apewe mwiba. Akatoboa mayai yote mawili, akayafukia, akangoja.

Mama alikuwa ameketi pembeni, jasho linamtiririka, alama ya ukanda imebaki nyekundu kwenye paji lake. Susu alilitoa yai la kwanza akaanza kulimenya. Vidole havikumtii. Alichukua muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Vipande vya ganda vilibaki vimeng'ang'ania, na jivu likaingia. Lilipokuwa tayari, au karibu kuwa tayari, alimnyooshea mama.

Mama akasema hapana, hilo ni lako.

"Kula," susu akasema. "Leo ni wewe umechoka."

Mama hakuwa amewahi kuyaonja. Muda wote ule mayai yalikuwa machache, naye alisema haumwi. Alilipokea, akalitia mdomoni zima, na nilisikia maganda yakivunjika kwenye meno yake. Alitafuna huku machozi yakishuka, hakuyafuta. Susu alimwangalia mdomo mpaka alipohakikisha amemeza. Kisha akaingiza vidole kwenye jivu, akalitoa la pili, akaanza kummenyea.